Kisanduku cha Sauti na Mkalimani Wake



Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari za kisanduku kimoja kidogo. Ukubwa wake hauzidi kitabu cha nyimbo, lakini kimeleta ugomvi katika kwaya ya kigango kimoja hapa Kasulo, kikamtoa machozi mama mzima. Nawaambia haya kwa sababu najua kwaya nyingi vijijini, na vijana wengi nyumbani mwao, sasa wanakusanya fedha ili wanunue kitu kama hicho. Afadhali mjifunze kwa makosa yetu kuliko kwa fedha zenu. Nasema "makosa yetu", maana mimi nami nilikuwamo.

Habari yenyewe ni hii. Waimbaji wetu walitaka kurekodi nyimbo zao wenyewe, na sababu yao ilikuwa njema. Nyimbo kadhaa za Kihangaza zilitungwa na mzee mmoja ambaye sasa haoni, na sauti yake imekwisha. Aliyebaki akizijua zote, beti kwa beti, ni mama mmoja wa sauti ya pili. Wakasema: "Tukizidi kungoja, nyimbo hizi zitazikwa." Basi kila nyumba ikatoa ilichokuwa nacho. Huyu alitoa debe la maharage, huyu mkungu wa ndizi, huyu kuku. Vitu vikauzwa Benaco, na fedha zikahesabiwa mbele ya watu wote.

Kompyuta walikuwa nayo tayari. Waliipewa na kijana wa hapa anayefanya kazi Mwanza. Ilikuwa ya zamani kidogo, ya Windows 7. Kijana mmoja akatumwa mjini, akarudi na maikrofoni moja, hedifoni moja, na kisanduku kipya kabisa, kile ambacho mafundi wa studio hukiita saundi kadi ya nje. Maikrofoni huchomekwa upande mmoja, na upande wa pili hutoka waya wa USB unaokwenda kwenye kompyuta.

Wakatundika mablanketi ukutani, wakaanza. Kwanza walirekodi kinanda. Kisha waimbaji wakaingia mmoja mmoja, kila mtu na hedifoni masikioni ili asikie kinanda pamoja na sauti yake mwenyewe. Lo! Kila aliyeimba alichelewa. Vijana ni wajanja. Walisogeza hedifoni pembeni, wakaacha sikio moja wazi, nao wakafaulu kidogo. Lakini yule mama aliambiwa aivae vizuri, naye akaivaa vizuri, masikio yote mawili. Akaimba mara tatu, mara nne, mara saba. Kila mara alikuwa nyuma ya kinanda, na kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kubaki nyuma.

Mwishowe mwalimu wa kwaya akasema neno la uchungu: "Mama, nadhani umri umefika." Wazee tuliokuwapo tukaulizwa shauri. Mimi nikatikisa kichwa nikasema, "Kweli amechoka, na apumzike." Mama yule ameimba katika kwaya ile miaka ishirini na zaidi. Akavua hedifoni, akaiweka mezani polepole, akajitanda kanga yake. Mlangoni alisema neno moja, lakini hatukulisikiliza. Watoto wake waliomngojea nje walimwona akifuta machozi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa tutazame kosa lilikuwa wapi.

KISANDUKU HIKI HUFANYA KAZI GANI?

Kompyuta haijui sauti. Inajua hesabu tu. Kwa hiyo panatakiwa chombo cha kuipokea sauti kutoka kwenye maikrofoni, kuitia nguvu, na kuigeuza kuwa hesabu. Kwa kawaida kisanduku huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kama namba. Wakati wa kusikiliza hufanya kinyume chake: hupokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza ziwe sauti tena.

Kompyuta yenyewe ina tundu lake dogo la maikrofoni, lakini limewekwa kwa ajili ya mazungumzo tu. Ukirekodi muziki humo utasikia mvumo na mikwaruzo. Ndiyo sababu watu hununua kisanduku. Hapo hawajakosea.

Kosa huja baadaye. Watu hutazama kisanduku, taa zake na rangi yake, lakini hawamwulizi muuzaji habari za mkalimani.

MKALIMANI NI NANI?

Ninyi mlio wenyeji wa hapa mnakumbuka mwisho wa mwezi wa Aprili mwaka 1994, watu wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa wingi usiohesabika na kujaa Benaco. Wageni wa mashirika walikuja na magari, mahindi na dawa. Mgeni ana gunia, mkimbizi ana njaa, wote wawili wamesimama wakitazamana, maana hawasikilizani. Wahangaza wengi waliweza kusaidia, kwa kuwa lugha yetu ni jirani wa Kirundi na Kinyarwanda. Pale alipokuwapo mkalimani mwema, kazi ilikwenda upesi. Pale alipokuwapo mkalimani mbovu, hata swali dogo lilichukua nusu saa.

Kisanduku na kompyuta ni hivyo hivyo. Kila kimoja kina lugha yake. Katikati yao hukaa programu ndogo iitwayo draiva, na huyo ndiye mkalimani. Kisanduku kiwe kizuri namna gani, na kompyuta iwe na nguvu namna gani, draiva ikiwa mbovu au ikikosekana, sauti itachelewa, au itakatikakatika, au haitapita kabisa.

Kwa kompyuta za Windows, wakalimani ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni yule anayekuja na Windows yenyewe. Ukifungua programu ya kurekodia utamwona kwa majina kama MME, DirectSound na WASAPI. MME ndiye mzee wao. Hafi upesi, naye hukubali karibu kila chombo, lakini ni mzito, tena hupitisha sauti katika mikono mingi. WASAPI alikuja na Windows Vista mwaka 2007, naye ni mwepesi zaidi. Basi ukiwa na Audacity, ile programu ya bure ambayo wengi wanaitumia, usiache chaguo kwenye MME kwa sababu tu umelikuta hapo. Jaribu WASAPI kwanza.

Wa pili ni ASIO. Huyu alitengenezwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani mwaka 1997, kwa ajili ya kazi ya muziki hasa. Yeye huachana na ile mikono mingi ya Windows, na kuongea na kisanduku moja kwa moja. Kampuni ya kisanduku ikikuandalia draiva yake ya ASIO, umepata mkalimani aliyezaliwa na lugha zote mbili. Lakini jueni kwamba Audacity kwa miaka mingi ilitolewa bila ASIO kwa sababu ya masharti ya haki zake. Programu kama Reaper huipokea ASIO bila shida. Reaper hujaribiwa siku 60 bila malipo, baadaye mwenyewe anapaswa kulipa.

Wa tatu ni mkalimani wa kuazima, aitwaye ASIO4ALL. Ni kazi ya Mjerumani mmoja, Michael Tippach, nayo hutolewa bure. ASIO4ALL hujivika nguo za ASIO mbele ya programu ya muziki, lakini nyuma yake hutumia draiva ya kawaida ya Windows. Mara nyingi husaidia sana, hasa kwa kisanduku kisicho na draiva yake mwenyewe. Lakini wa kuazima ni wa kuazima: siku nyingine hugoma, au hukishika kisanduku peke yake na kuzinyima sauti programu nyingine.

Wenye kompyuta za Apple wana nafuu. Mkalimani wao, Core Audio, amejengwa ndani ya kompyuta. Wenye Linux wanaye ALSA, na juu yake JACK au PipeWire. Kwa hao wote, na hata kwa simu nyingi za siku hizi, tafuteni kisanduku kinachofuata kanuni ya pamoja ya USB, ambacho hakidai draiva ya pekee. Windows nayo ilipewa mkalimani wa kanuni ya pili ya USB mwaka 2017, katika Windows 10. Kabla ya hapo, visanduku vingi vipya havikusikilizana nayo bila draiva ya kampuni.

KWA NINI SAUTI HUCHELEWA?

Fikirini habari ya kuteka maji. Mtoto akichota kwa kopo dogo, tone la kwanza hufika nyumbani upesi, lakini hana budi kwenda na kurudi mara nyingi. Akichoka akaanguka njiani, maji hukatika. Akichota kwa ndoo kubwa, safari ni chache naye haanguki, lakini nyumbani wanangoja sana ndoo ijae.

Kompyuta nayo huchota sauti kwa ndoo. Mafundi huiita ndoo hiyo bafa, na ukubwa wake huhesabiwa kwa vile vipimo nilivyovitaja. Ndoo ya vipimo 128, kwa mwendo wa 44,100 kwa sekunde, hujaa kwa muda wa milisekunde 3 hivi, yaani sehemu tatu za elfu za sekunde. Ndoo ya 256 hujaa kwa milisekunde 6 hivi. Ndoo ya 1024 huchukua milisekunde 23. Tena sauti huingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo, kwa hiyo zidisheni mara mbili.

Mtasema: "Milisekunde ni kitu gani? Nani atakiona?" Sikio hukiona. Sauti hewani huenda mita 343 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ndoo ya 128, kuingia na kutoka, ni sawa na kusikiliza mtu aliye mbali nawe mita mbili, kama jirani yako wa benchi. Hakuna atakayelalamika. Ndoo ya 1024 ni sawa na mita 16. Hapo wewe uko mlangoni mwa kanisa, na kinanda kiko mbele kabisa. Mwimbaji huanza kusitasita. Na mkalimani mzito, akitumia ndoo zake kubwa, aweza kuchelewesha sauti hata sehemu ya tano ya sekunde. Hizo ni karibu mita 70. Ni kama kuimba ukiwa hapa, na masikio yako umeyaacha kule barabarani.

Sasa angalieni jinsi binadamu alivyo. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe ikimjia nyuma namna hiyo, moyo wake hutaka kuingoja. Hupunguza mwendo bila kujua. Sauti nayo huzidi kuchelewa, naye huzidi kupunguza. Hata msemaji hodari ukimrudishia sauti yake kwa kuchelewa sehemu ya tano ya sekunde, ulimi wake huanza kugongana na meno. Wala umri hauna neno hapo. Ndivyo masikio na ulimi vilivyoumbwa.

Mmekwisha kuelewa. Kompyuta yetu ilikuwa ya Windows 7. Kisanduku kilikuwa kipya, na draiva iliyotengenezwa kwa ajili yake ilidai Windows 10 au zaidi. Kijana alipojaribu kuiweka ikakataa. Windows ikampa mkalimani wake wa zamani, taa ikawaka, sauti ikapita, naye akafurahi akidhani mambo yote ni sawa. Duka halikumwuliza ana kompyuta ya namna gani, na yeye hakujua kwamba yapasa kuuliza.

KITUFE KIDOGO

Baada ya siku kumi alipita fundi mmoja wa redio aliyekuja Benaco kwa shughuli zake. Tukamwonyesha. Hakutazama kompyuta kwanza. Alivaa hedifoni, akaimba mstari mmoja, akacheka. Akauliza, "Nani ameweza kuimba na kitu hiki?" Tukanyamaza.

Akatuonyesha kitufe mbele ya kisanduku, kimeandikwa Direct. Ukikibonyeza, sauti ya maikrofoni huenda kwenye hedifoni moja kwa moja ndani ya kisanduku, bila kwenda kwenye kompyuta na kurudi. Mwimbaji hujisikia saa ile ile. Kisha akafungua programu, akazima ile namna ya kurudisha sauti kwa njia ya kompyuta, ili zisisikike mbili. Kazi yote haikumaliza dakika tano.

Hakuishia hapo. Aliliweka sikio moja la hedifoni juu ya maikrofoni, akapiga milio ya kuhesabu mwendo, akairekodi. Kisha akalinganisha mlio wa kwanza na ule uliorekodiwa. Ulikuwa nyuma. Audacity ina mahali pa kuandika hesabu hiyo ya kuchelewa, nayo huisogeza sauti mpya mpaka mahali pake. Akaandika, akajaribu tena, milio ikakaa sawasawa. Jaribio hili lifanyeni nanyi siku ya kwanza, kabla ya mwimbaji yeyote kuingia chumbani.

KABLA HUJATOA FEDHA

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi sipingani nao kwa habari ya jembe. Lakini katika vyombo hivi, asiyechagua atalima mara mbili. Basi shikeni mashauri haya.

Kwanza, anzeni na kompyuta mliyo nayo, wala msianze na kisanduku. Andikeni kwenye karatasi: ni Windows ipi, ni ya biti 32 au 64, ina matundu gani ya USB. Kumbukeni kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 mwezi wa Januari 2020, na Windows 10 kwa kawaida yake tarehe 14 Oktoba 2025. Visanduku vinavyotoka sasa vitazidi kuzikataa kompyuta hizo. Yaweza kuwa heri kununua kisanduku cha miaka ya nyuma kidogo chenye draiva inayokubaliana na kompyuta yenu, kuliko kipya kitakachokaa mezani kama pambo.

Pili, shikeni jina kamili la kisanduku pamoja na namba yake. Vyaweza kufanana kwa sura vikatofautiana kwa mkalimani. Kwa mfano, Behringer wanacho UMC22, ambacho kwa ASIO hutegemea ASIO4ALL, na wanacho UMC202HD, ambacho kina draiva yake ya ASIO. Kwa jina moja tu la kampuni mtu hawezi kujua amepata kipi. Mwombeni kijana mwenye simu afungue ukurasa wa kampuni yenyewe, atafute draiva, asome imeandikwa kwa Windows ipi na ilitolewa mwaka gani. Kazi hiyo haina gharama isipokuwa senti chache za intaneti.

Tatu, msihesabu matundu kwa tamaa. Mtu mmoja mwenye gitaa na sauti yake anatosheka na tundu moja la maikrofoni na moja la gitaa. Kwaya ya kijiji inatosheka na matundu mawili ya maikrofoni. Kisanduku cha matundu manane kinataka maikrofoni nane, nyaya nane, kompyuta yenye nguvu na fundi asiyelala. Nani atazilipia?

Nne, tazameni kama kuna kitufe cha Direct na alama ya volti 48. Volti hizo ni chakula cha maikrofoni za kondensa, ambazo husikia hata mdudu. Maikrofoni ya kawaida ya mkononi haizihitaji. Chumba chenu kikiwa na kelele, kuku nje na watoto mlangoni, hiyo ya kawaida ndiyo itawafaa zaidi.

Tano, jihadharini na vitu vya mitumba vyenye tundu la FireWire. Zamani vilikuwa vyombo vya heshima na vya bei kubwa, na sasa vinauzwa rahisi. Sababu ya urahisi wake ni kwamba kompyuta mpya hazina tundu hilo, na hata Apple, waliokuwa mabingwa wake, waliiondoa FireWire katika mfumo wao wa mwaka 2025.

Sita, na hili ndilo kubwa: nendeni dukani na kompyuta yenu wenyewe. Chomekeni kisanduku pale pale, wekeni draiva, rekodini dakika kumi, sikilizeni kwa hedifoni. Muuzaji akikataa, tafuteni mwingine. Na mwombeni risiti, mpatane kwa maandishi kwamba kisipokubali kitarudishwa. Fedha ya debe la maharage haiokotwi njiani. Majuto ni mjukuu.

Mkishafika nyumbani, chomekeni waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta, tena uwe mfupi. Mkisikia mvumo, chomoeni chaja mrekodi kwa betri ya kompyuta. Mara nyingi mvumo hutoka kwenye umeme, au kwenye mashine inayogeuza umeme wa jua. Wakati wa kuimba wekeni ndoo ndogo, 128 au 256. Sauti ikianza kutatarika, ongezeni ndoo kidogo. Wakati wa kuchanganya nyimbo, hakuna anayeimba, basi wekeni ndoo kubwa ili kompyuta ipumue. Wala msirekodi mvua inaponyesha juu ya mabati. Hakuna draiva ya kuizuia mvua.

JE, NI LAZIMA KUIMBA MMOJA MMOJA?

Hapa nataka kuwakumbusha jambo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake, akirekodi ngoma na nyimbo vijijini. Hakuwavisha waimbaji hedifoni, wala hakuwatenga mmoja mmoja. Waliimba pamoja jinsi walivyozoea, naye akatafuta mahali pazuri pa kuiweka maikrofoni. Nyimbo hizo zimetunzwa mpaka leo katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Makhanda, Afrika Kusini.

Kwaya yaweza kufanya vivyo hivyo. Simameni nusu duara, maikrofoni mbili mbele, walio na sauti kubwa warudi nyuma hatua moja. Mkiimba hivyo hakuna anayehitaji kujisikia kwa njia ya kompyuta, na ucheleweshaji hauna mtu wa kumsumbua. Nyimbo za kale hupendeza zaidi namna hiyo, maana mwimbaji humtazama mwenzake, na pumzi zao huwa moja. Rekodini mmoja mmoja ikiwa mna sababu, si kwa kuwa mmeona studio za mjini zikifanya hivyo.

YULE MAMA

Jioni ile ile fundi alipoondoka, tulikwenda watu watatu nyumbani kwa yule mama: mwalimu wa kwaya, kijana wa kompyuta, na mimi. Tulimkuta akichambua maharage. Akatupa viti, akaendelea na kazi yake.

Mwalimu akasema, "Mama, tumekuja kukuomba radhi. Kosa halikuwa lako. Ni chombo kilichokuwa kinachelewesha sauti."

Mama akajibu bila kuinua macho: "Mwalimu, nilikwambia siku ile. Nilisimama mlangoni nikasema, 'Sauti yangu inanifuata kwa nyuma.' Hamkunijibu."

Hilo ndilo lile neno moja. Alikuwa ameueleza ugonjwa wa mashine vizuri kuliko kitabu chochote, nasi tukadhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyesema umechoka. Nisamehe." Akanitazama, akasema, "Mzee, maharage haya ni mengi. Nisaidieni kuchambua." Tukachambua mpaka giza likaingia.

Hakuja juma lile wala la pili. Juma la tatu alikuja na mjukuu wake akimshika mkono, akauliza hedifoni iko wapi. Jioni mbili zilitosha. Nyimbo zote za yule mzee ziliimbwa, beti kwa beti, na sauti yake ikakaa juu ya kinanda kama mkono juu ya bega. Kisanduku kilikuwa kile kile, na kompyuta ile ile. Tulimpelekea mzee kipofu rekodi hiyo katika simu. Alisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, kisha akataja jina la yule mama, na kusema kwamba katika ubeti wa tatu ameongeza neno ambalo yeye hakuliweka. Mama alipoambiwa alicheka sana.

Ninyi mnaokusanya fedha sasa, chagueni mkalimani kwanza, kisanduku baadaye. Na siku chombo kitakapogombana na mtu, kipimeni chombo kwanza, na mtu mwacheni aseme lake mpaka mwisho.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.